Falsafa ya Shahada ya Uuguzi: Ukurasa Ambao Kila Mtu Anauruka

Kila dirisha la maombi ya vyuo linapofunguliwa, swali ni lile lile, vijiweni na kwenye magrupu ya WhatsApp ya ukoo: mtu asome miaka minne ili awe nesi? Wa cheti anadunga sindano, wa diploma anadunga sindano, huyu wa digrii anadunga ipi? Mzazi anayetafuta jibu kwenye mwongozo wa chuo anakutana na ukurasa wenye kichwa "Falsafa ya Programu", na chini yake aya tatu za maneno mazito: binadamu ni kiumbe kamili, afya ni mwendelezo, uuguzi ni sayansi na sanaa. Anafunua ukurasa unaofuata atafute ada.

Bahati mbaya jibu lake lilikuwa kwenye ukurasa huo aliouruka. Limeandikwa kwa lugha ya wakaguzi wa mitaala, watu ambao hawahitaji kushawishiwa, na ndiyo maana linaonekana kama pambo. Tulifungue.

Falsafa hapa maana yake ni mambo machache ambayo walimu wa programu wamekubaliana kuyaamini kabla hawajaandika somo hata moja: mgonjwa ni nani, afya ni nini, kazi ya muuguzi inaanzia wapi na kuishia wapi, na mtu anajifunzaje kazi hiyo. Isichanganywe na dira, inayosema chuo kinataka kufika wapi, wala dhamira, inayosema kitafanya nini ili kifike. Mtaala nao ni kitu kingine: ni masomo, saa, mazoezi ya wodini na mitihani. Falsafa hutangulia vyote hivyo, au angalau inatakiwa itangulie. Wakati mwingine mtaala huandikwa kwanza, falsafa ikabandikwa mbele siku mbili kabla ya ukaguzi. Matokeo ya mtindo huo tutayaona.

Waliosoma Tanzania miaka ya sabini hawahitaji maelezo mengi. Elimu ya Kujitegemea ilipotangazwa mwaka 1967 haikubaki karatasini. Ilionekana kwenye ratiba: kipindi cha shamba, mabanda ya kuku, mwanafunzi wa sekondari akiwa na jembe. Mtu angeweza kubishana nayo, lakini hakuna aliyeweza kusema haioni. Kipimo cha falsafa ya uuguzi ni hicho hicho. Kama ipo, itaonekana kwenye ratiba na kwenye fomu za alama.

Kwa nini wauguzi hasa

Fungua mtaala wa uhandisi au uhasibu, mara nyingi hutakuta aya zinazouliza binadamu ni nani. Kwenye uuguzi ziko karibu kila chuo, na sababu yake ni ya kihistoria.

Kwa muda mrefu uuguzi ulifundishwa hospitalini, ndani ya kazi. Florence Nightingale, muuguzi wa Kiingereza, alipofungua shule yake katika Hospitali ya St Thomas, London, mwaka 1860, alitaka wanafunzi wafundishwe kwa mpangilio. Lakini hospitali nyingi zilizoiga mfano huo ziligundua jambo tamu kwao: mwanafunzi ni mfanyakazi wa bei poa. Akawa anajifunza kile ambacho wodi ilihitaji siku hiyo. Wodi ikikosa mtu wa kuosha vyombo, somo la siku ni vyombo.

Uuguzi ulianza kuingia chuo kikuu katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, mwaka 1909. Yale ikafungua shule yake mwaka 1923, na Edinburgh ikaanza mwaka 1956. Hapo ndipo wauguzi walipokutana na swali ambalo hospitali haikuwahi kuwauliza: ninyi mnajua nini ambacho daktari hakijui? Kama jibu ni "tunafuata maagizo ya daktari", hakuna haja ya kitivo, inatosha kozi fupi ya kufuata maagizo. Miaka ya hamsini mpaka ya themanini ikawa miaka ya kujibu swali hilo. Majibu yalikuwa mengi na yaligongana, lakini yote yaliendelea kuzunguka mambo manne, ambayo Jacqueline Fawcett wa Marekani anakumbukwa kwa kuyaweka pamoja: mtu, mazingira, afya na uuguzi wenyewe. Ukikuta ukurasa wa falsafa popote, iwe Dar es Salaam, Eldoret au Toronto, utayaona manne hayo. Kwa vyuo, linaongezwa la tano: kujifunza. Tuziite nguzo tano.

Yakisomwa hivi hivi, yanaonekana ni maneno ambayo hakuna anayeweza kuyapinga. Nani atasema mgonjwa si mtu? Ugumu unaanza pale unapochukua mgonjwa mmoja.

Mama mmoja, kitanda namba saba

Tuseme ni mama wa miaka 58, ana kisukari, kidonda kimetoka chini ya mguu wa kulia. Amelazwa siku tisa, kidonda kinaanza kufunga, sukari imeshuka, kesho anaruhusiwa na ataendelea na insulini nyumbani. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu amepewa amwandae.

Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba mgonjwa ni ugonjwa uliolala kitandani atafanya mambo matatu kwa usahihi kabisa: atasafisha kidonda, atamwonyesha namna ya kuchoma sindano, atamwambia insulini iwekwe kwenye friji. Atasaini. Wiki mbili baadaye mama amerudi, sukari imepanda, na kwenye faili kutaandikwa kwamba mgonjwa hafuati maelekezo.

Sasa mwingine, aliyepitia programu ambayo neno "mazingira" lilimaanisha kitu:

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Mama, nyumbani nani anapika?"

"Mkwe wangu. Mimi naletewa tu."

"Na friji ipo?"

"Ipo kwa jirani. Ila naye umeme ukikatika anaifungua fungua."

Majibu mawili tu, na mpango mzima umebadilika. Kwanza, somo la chakula halimfai mama peke yake. Mkwe ndiye anayepima ugali, kwa hiyo mkwe aitwe saa ya kuona wagonjwa, kabla ya kesho. Pili, insulini. Chupa ambayo haijafunguliwa inahitaji nyuzijoto 2 hadi 8, na haitakiwi kuganda. Iliyokwisha kuanza kutumika huvumilia joto la kawaida la chumba, lisilozidi nyuzi 25 hadi 30 kutegemea aina, kwa takriban wiki nne. Kwa hiyo mama apewe chupa moja moja badala ya za miezi mitatu kwa mkupuo, na afundishwe mtungi: chungu kidogo ndani ya kikubwa, katikati mchanga unaoloweshwa maji asubuhi na jioni, juu kitambaa chenye unyevu, vyote kivulini penye upepo. Chupa ikae ndani ya kopo kavu lenye kifuniko, isiguse maji. Mtungi hautafikia baridi ya friji, lakini hushusha joto vya kutosha kuikoa dawa kwenye nyumba ya bati mchana wa Februari.

Kisha mguu. Kama hausikii maumivu, mama hataambiwa tu "jihadhari". Ataonyeshwa kukagua nyayo kila jioni kwa kioo kidogo kilicholazwa sakafuni, na kukung'uta kiatu kabla ya kukivaa kwa sababu kijiwe asichokihisi ndicho kilichomleta wodini.

Hakuna kitu hapo kinachohitaji mashine, wala hakuna kilichoagizwa na daktari. Ndiyo eneo ambalo falsafa inasema ni la muuguzi: daktari ametaja ugonjwa, muuguzi anataja jinsi mtu huyu, katika nyumba hii, anavyopambana na ugonjwa huo. Ndiyo maana kwenye mpango wa huduma ya uuguzi mwanafunzi haruhusiwi kuandika "kisukari" kama tatizo. Anatakiwa aandike, kwa mfano, "yuko hatarini kuumia tena mguuni bila kujua, kwa sababu nyayo hazina hisia". Sentensi ya kwanza inaelekeza kwenye dawa. Ya pili inaelekeza kwenye kioo na kiatu.

Mtu ni nani, na ndugu zake je

Kati ya zile nguzo, "mtu" ndiyo yenye mabishano halisi, na ndiyo ambayo vyuo vyetu vikiinakili bila kufikiri vinaumbuka.

Dorothea Orem, mwananadharia wa uuguzi wa Marekani ambaye kitabu chake cha mwaka 1971 kimeacha alama kwenye mitaala mingi ya Afrika Mashariki, alijenga hoja yake juu ya kujihudumia. Mtu kwa kawaida anajitunza mwenyewe. Akishindwa, muuguzi anaziba pengo: pengo lote kama hana fahamu, nusu kama anaweza kula lakini hawezi kusimama, na kumfundisha tu kama nguvu anazo ila ujuzi hana. Ni mgawanyo mzuri sana kwa kazi. Mwanafunzi akiingia wodini asubuhi, maswali ni matatu: huyu namfanyia, nafanya naye, au namwelekeza? Anayempangusa mwili mgonjwa anayeweza kujipangusa mwenyewe hajamhurumia, amemchelewesha. Virginia Henderson naye alikuwa amekwisha kusema jambo la jamaa hiyo: muuguzi humsaidia mtu, mzima au mgonjwa, kufanya yale ambayo angejifanyia mwenyewe kama angekuwa na nguvu, nia au ujuzi, na humsaidia kwa namna itakayomrudishia uwezo wake haraka. Akaongeza jambo ambalo waandishi wengi wa falsafa huliacha: kama kupona hakuwezekani, amsaidie afe kwa amani.

Lakini nenda wodi yoyote ya hospitali ya mkoa saa ya kuona wagonjwa. Uji umetoka nyumbani. Dada mtu ndiye anayemwogesha. Uamuzi wa kukatwa mguu unasubiri kaka mkubwa afike kutoka Mbeya. Sisi husema mtu ni watu, na wodi inathibitisha. Ukichukua wazo la "mtu binafsi anayejihudumia" jinsi lilivyo, ndugu wanageuka kero wanaozidi idadi na kujaza wodi. Ukilipanua, ndugu wanakuwa sehemu ya mgonjwa: wanafundishwa kumgeuza kila saa mbili asipate vidonda vya kulala, na kunawa mikono kabla ya kumlisha.

Kupanua huko kuna mtego wake, na mtaala mzuri hauuogopi kuutaja. Ndugu wakiwa sehemu ya mgonjwa, siri ya mgonjwa inaenda wapi? Mke amepima VVU, mume yuko mlangoni anauliza majibu. Shangazi anasema mgonjwa asiambiwe ana saratani. Maadili ya taaluma, yakiwemo yale ya Baraza la Kimataifa la Wauguzi yaliyoanza kutolewa mwaka 1953, yako wazi kwamba taarifa ni za mgonjwa. Kwa hiyo falsafa inayosema tu "tunathamini familia" imefanya nusu ya kazi. Nusu iliyobaki ni kumfundisha mwanafunzi kumwuliza mgonjwa mapema, akiwa peke yake na kabla majibu hayajatoka: "Ungependa nani ajue habari zako?" na kuliandika jibu kwenye faili. Swali hilo lina maneno matano. Kulijengea mazoea ya kuuliza kunachukua muhula mzima.

Madeleine Leininger, muuguzi wa Kimarekani aliyeishi na watu wa Gadsup huko Papua New Guinea mwanzoni mwa miaka ya sitini, ndiye aliyelazimisha vyuo vikubali kwamba huduma ile ile inaweza kuwa faraja hapa na tusi pale. Wanafunzi wetu humkariri kwa ajili ya mtihani. Wangemhitaji zaidi kwenye chumba cha kujifungulia, mama anapotaka kuchuchumaa na muuguzi anamwamuru alale chali.

Afya: yule anayekunywa dawa kila siku ni mzima?

Katiba ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kufanya kazi tarehe 7 Aprili 1948, inasema afya ni ukamilifu wa hali njema ya mwili, akili na jamii, na kwamba kukosa ugonjwa peke yake hakutoshi. Karibu kila falsafa ya chuo huinukuu. Shida iko kwenye neno ukamilifu. Kwa kipimo hicho, nani mtaani kwenu ana afya?

Ndiyo maana falsafa nyingi husema pia kwamba afya ni mwendelezo, kama barabara yenye ncha mbili ambayo mtu anasogea mbele na nyuma. Mwanamke mwenye VVU anayekunywa dawa bila kukosa, virusi vyake havionekani kwenye kipimo, anauza duka na kulea watoto watatu, yuko mahali pazuri kwenye barabara hiyo kuliko kijana asiye na ugonjwa wowote anayelala na chupa ya gongo. Programu inayoamini hivyo itampeleka mwanafunzi kliniki ya tiba na matunzo, shuleni, kiwandani, wala haitamfungia wodini miaka yote. Itakuwa na nafasi ya tiba shufaa pia, ile ya kumpunguzia mateso mwenye ugonjwa mzito, kwa sababu anayekaribia kufa naye bado yuko barabarani. Programu inayoamini kwamba afya ni kupona haina la kumfundisha mwanafunzi siku daktari anaposema hakuna zaidi.

Kenya imeweka imani yake kwenye jina lenyewe la cheo. Muuguzi wa diploma wa huko husajiliwa kama muuguzi wa afya ya jamii, kwa mafunzo yanayounganisha uuguzi wa jumla, ukunga, afya ya akili na afya ya jamii. Katika Chuo Kikuu cha Moi, wanafunzi wa fani za afya hupelekwa vijijini kwa awamu chini ya mpango unaojulikana kama COBES, wakijifunza ndani ya jamii na kuihudumia. Hapo hakuna haja ya kusoma aya za mbele kujua wanaamini nini.

Inavyoshuka hadi kwenye saa

Kwa Tanzania hesabu si ngumu. Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), krediti 1 ni saa 10 za kujifunza, na mwaka wa masomo ni krediti 120. Miaka minne ni 480, yaani saa 4,800, kisha mwaka mmoja wa utarajali, yaani mazoezi ya kazi baada ya masomo. Sheria ya Umoja wa Ulaya kwa wauguzi wa huduma za jumla inadai saa zisizopungua 4,600, na angalau nusu ziwe za mafunzo ya vitendo. Jumla zinakaribiana. Tofauti kati ya chuo na chuo iko ndani ya jumla hiyo.

Chukua chuo kinachoandika "tunaamini afya hujengwa katika jamii". Tafuta mafunzo ya jamii kwenye ratiba. Ukikuta wiki mbili, za saa 40 kila moja, hiyo ni saa 80 kati ya 4,800: chini ya asilimia 2. Kingine kinasema mwanafunzi ni "mshiriki hai wa kujifunza kwake", na ratiba yote ni mihadhara ya watu mia mbili. Hapo falsafa na ratiba vimeandikwa na watu wasiojuana.

Mnyororo ukifanywa vizuri huenda hivi. Imani inazaa sifa ya mhitimu: "anaweza kupanga huduma kulingana na hali ya nyumbani kwa mgonjwa". Sifa inazaa lengo la somo. Lengo linazaa zoezi: mwanafunzi amfuate mgonjwa mmoja kutoka wodini hadi nyumbani mara mbili. Zoezi linazaa fomu ya alama. Ukikosa pingili moja, zilizobaki ni mapambo, na pingili inayokosekana mara nyingi ni ya mwisho.

Angalia mtihani wa vituo, ule ambao wanafunzi wenyewe huuita OSCE, uliobuniwa Dundee, Uskoti, miaka ya sabini. Mwanafunzi anapita kituo hadi kituo, kila kimoja kina kazi na fomu yenye hatua. Kituo cha sindano tuseme kina hatua 20, kila hatua alama moja. "Anajitambulisha, anaeleza anachofanya na kuomba ridhaa" ni hatua mojawapo. Anayeingia kimya, akamvua mgonjwa nguo begani na kuchoma kwa ufundi, anapata 19 kati ya 20. Asilimia 95. Chuo kimeandika ukurasa wa mbele kwamba kinaheshimu utu, kisha kikamwambia mwanafunzi, kwa lugha anayoielewa zaidi, kwamba utu ni asilimia 5. Tiba yake haigharimu kitu: hatua ya ridhaa ifanywe ya lazima, anayeiruka ameanguka kituo kizima hata kama sindano imeingia vizuri.

Nguzo ya kujifunza ina mwanya wake. Patricia Benner, muuguzi na mtafiti wa Marekani, katika kitabu cha mwaka 1984, alionyesha kwamba muuguzi hupita ngazi tano, kutoka mwanagenzi anayeshika kanuni kama zilivyo hadi mbobezi anayehisi mgonjwa anabadilika kabla mashine haijalia. Vyuo vinavyomkubali Benner havimtupi mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wodini kwenye wagonjwa thelathini. Anaanza kwenye maabara ya stadi na sanamu ya mazoezi, anatazama, anafanya huku akishikwa mkono, kisha anafanya huku akitazamwa, mwisho peke yake. Hayo yanahitaji mwalimu aliyepo wodini. Akiwa mmoja kwa wanafunzi arobaini waliotawanyika wodi sita, kitakachofanya kazi ni kitabu cha kumbukumbu za mazoezi: sahihi ishirini zinawekwa Ijumaa jioni na muuguzi wa zamu aliyechoka, kwa kazi ambazo hakuziona. Wote watatu, mwanafunzi, muuguzi na chuo, wanajua. Falsafa ya kujifunza hufa mapema kuliko nyingine kwa sababu inadai watu wa kutosha, na watu wanadai bajeti.

Maneno ya mtaani

"Uuguzi ni wito, hauhitaji falsafa." Anayesema hivyo ametaja falsafa tayari, ile ya kale. Tazama kiapo ambacho wanafunzi hula wakiwa na mishumaa au taa mikononi, kiapo cha Nightingale. Nightingale hakukiandika. Kiliandikwa Detroit, Marekani, mwaka 1893, na kamati iliyoongozwa na Lystra Gretter, na ndani yake muuguzi anaahidi kumsaidia daktari katika kazi zake kwa uaminifu. Hiyo ni falsafa kamili, yenye jibu lake la nani anaongoza na nani anafuata. Programu za chuo kikuu zimelikataa jibu hilo, ndiyo maana baadhi ya vyuo vimerekebisha maneno na kubakiza mwanga. (Taa yenyewe nayo imekosewa kwenye nembo nyingi: aliyoishika Nightingale huko Scutari, kwenye hospitali ya kijeshi nchini Uturuki, haikuwa ya umbo la birika kama ya Aladini, ilikuwa taa ya kukunja ya Kituruki. Waturuki huiita kwa neno ambalo sisi pia tunalo: fanusi.)

"Wa digrii wanajua nadharia tu, kazi wanajua wa cheti." Mara nyingine ni kweli, na kisa chake ni yale ya sahihi za Ijumaa. Lakini vyeo havikuwekwa kwa ajili ya sindano. Katika utumishi wa umma Tanzania, wa cheti huajiriwa kama Muuguzi, wa diploma Afisa Muuguzi Msaidizi, wa shahada Afisa Muuguzi. Wote wanachoma sindano ile ile. Wa shahada anatarajiwa pia kuuliza kwa nini wagonjwa watano wa wodi moja wamepata usaha kwenye mishono mwezi huu, akusanye takwimu, abadilishe utaratibu na apime kama mabadiliko yamesaidia. Nightingale alifanya hivyo hivyo na vifo vya askari wa vita vya Crimea, kwa michoro na hesabu, ingawa tunamkumbuka kwa taa. Kama ajira inampa mhitimu wa shahada kazi ya sindano peke yake, lawama ni ya mgawanyo wa kazi wodini.

"Nusu daktari." Hapana. Mama wa kitanda namba saba alikuwa na daktari kamili na bado mtungi haukuwa kazi yake.

Ukienda kukagua chuo

Mzazi au mwombaji hahitaji kubishana na nguzo tano. Hakikisha kwanza programu imetambuliwa na TCU na Baraza la Uuguzi na Ukunga, au kwa Kenya na Baraza la Wauguzi la huko. Bila hayo mengine hayana maana. Kisha soma ule ukurasa unaorukwa, chagua sentensi moja tu, na uifuate. Ikisema "jamii", uliza ni wiki ngapi, wapi, na nani anawasimamia wanafunzi huko. Ikisema "ushahidi", uliza kama kila mwanafunzi anafanya utafiti wake mdogo au wanagawana kumi kumi. Waulize wanafunzi wa mwaka wa tatu mara ya mwisho mwalimu alisimama nao kando ya kitanda ilikuwa lini.

Ukipata nafasi, omba kuona fomu tupu ya kupima stadi wodini. Tafuta mahali mwanafunzi anapotakiwa kuongea na mgonjwa kabla ya kumgusa, kisha angalia pembeni, kwenye safu ya alama, wameandika ngapi.